Kasha la Solveig na Haki ya Kijiji

Kijiji kizima cha Granåsen kilijua kwamba Solveig Brännmark, mjane aliyestaafu kazi ya posta, anaumwa ugonjwa wa kudeka. Daktari aliuita mzio wa lozi, akasema chembe moja tu yaweza kumziba koo. Lakini daktari anajua nini? Alisoma miaka mingi tu.

Basi kila vuli Solveig alijaza kasha lake la dharura: mchele, maharage ya kopo, sufuria yake na mwiko wake, visivyowahi kugusa lozi. Mfukoni mwake alitia sindano mbili za kumwokoa koo likivimba. Wenzake waliweka mishumaa na kahawa, wakamcheka.

Mwaka huo theluji iliangusha miti, umeme ukakatika, barabara ikaziba. Watu wote wakahamia ukumbi wa kanisa, kwenye jiko la kuni. Solveig akaja na kasha lake, akaliweka pembeni, akaenda kuwaombea walio njiani. Alipofungua macho, kasha lilikuwa tupu.

"Tumechanganya vyote, dada," alisema Hjalmar, mwenyekiti wa kamati ya maafa, mtu wa haki mno. "Hapa hakuna wa kula peke yake."

"Na sufuria yangu?"

"Ingegerd anachemshia maziwa ya lozi. Kuna wasiokunywa ya ng'ombe. Nao tuwafikirie, au sivyo?"

Waliwafikiria kwa kweli. Upendo ulikuwa mwingi, ulimpita Solveig tu.

Siku hiyo alishinda kwa maji tu. Kesho yake njaa ikamshika, naye Ingegerd, mama mwenye huruma, akamletea supu ya maharage. "Kula, mwenzangu. Haina lozi hata ya dawa. Naapa mbele ya msalaba ule."

Alisema kweli tupu. Ila supu aliikoroga kwa mwiko uliotoka kwenye maziwa. Mwiko nao ni chakula?

Solveig alikula vijiko vichache. Midomo ikavimba, pumzi ikaanza kupiga filimbi.

"Ameanza mambo yake," alisema mmoja. "Mpeni kahawa."

Solveig hakungoja kahawa. Akachoma sindano ya kwanza pajani juu ya suruali, akalala chini, miguu juu ya benchi. Simu hazikushika mtandao. Hjalmar akapendekeza wakae kikao kifupi.

"Kikao gani, we mwanamume!" Ingegerd alipiga kelele. "Washa trekta!"

Pumzi haikurudi vizuri. Solveig akaonyesha paja kwa kidole, na Ingegerd, huku akimwita Yesu, akamchoma sindano ya pili. Wakamlaza kwenye tela, wakakata miti njia nzima mpaka simu zikashika mtandao, wakaita gari la wagonjwa na kukutana nalo njiani.

Mungu ni mwema, akapona. Barabara ilipofunguka Hjalmar alifika hospitali na maua na habari njema.

"Kamati imekaa. Mwakani kasha lako litafungwa kufuli, mtu asiliguse."

"Asante sana, mwenyekiti. Na ufunguo?"

"Nitakaa nao mimi. Lazima pawe na haki."

Solveig alicheka mpaka muuguzi akaja kumtazama.

"Ufunguo nitakaa nao mimi, Hjalmar."

"Basi tutapiga kura."

"Pigeni. Mkimaliza mtanikuta nyumbani kwangu, nimefunga mlango, nakula."