Samaki wa Mama Vera: Siku Nne Praha

Nilikwenda Ulaya kwa sababu mke wa katibu kata alikuwa na mimba ya miezi minane. Naliweka hilo mbele kabisa, maana wapo wanaodhani nilichaguliwa kwa elimu yangu. Akina mama wa Chekoslovakia walikuwa wamewaalika wanawake wawili wa mkoa wa Tanga, mmoja wa Handeni na mmoja wa Korogwe, wakautembelee mji wao mkongwe kabla ya Krismasi na kuwaeleza habari za vijiji vyetu vya ujamaa. Nafasi ya Handeni ilikuwa ya mke wa katibu. Daktari alipomkataza kupanda ndege, wakatafuta haraka mwanamke mwingine ajuaye kusoma, asiye na mume wa kumzuia. Mimi nilikuwa mjane wa miaka mitatu, nikifundisha kisomo cha watu wazima kijijini kwetu. Hivyo hapakuwa na wa kupinga, wala mimi mwenyewe sikuulizwa.

Korogwe, Jumatatu asubuhi. Nilishuka kwenye basi la Handeni nikamkuta kaka yangu Omari ananisubiri stendi. Alikuwa mlinzi katika shamba la mkonge upande wa Mazinde, akaja na lori la shamba kuniletea kabuti lake la kazini, zito kama godoro, lenye vifungo vya shaba na harufu ya tumbaku. Nilimwamkia, akaitikia, akanivisha palepale juani, mbele ya watu wanaokula mahindi ya kuchoma. Alisema nisilivue mpaka nitakaporudi, kwa kuwa alisikia baridi ya huko hukata masikio. Nilipomuuliza yeye atalindaje bila kabuti, alisema atasogea karibu na moto.

Mwenzangu wa safari aliteremka kutoka Bungu. Aliitwa Elizabeti, mkunga wa zahanati, Mkristo hodari, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuita watu walioko ng'ambo ya bonde. Alibeba kikapu cha ndizi mbivu. Tulikula njiani mpaka tukachoka, na zile zilizopondeka akawatupia mbuzi dirishani tulipofika Segera. Aliniambia nisihofu kitu, Krismasi anaijua tangu tumboni mwa mama yake, na lolote nisiloelewa nimuulize yeye.

Dar es Salaam tulilala usiku mmoja, na Jumanne jioni tukapanda ndege. Tulitua Kairo, tukapaa tena. Elizabeti alisali kila ndege ilipopaa, nami nilisoma dua kila ilipotua, kwa hiyo nadhani tulikingwa pande zote.

Praha, Jumatano asubuhi. Kitu cha kwanza nilichokiona kupitia dirisha la gari ni miti. Yote ilikuwa mitupu, bila jani hata moja, maili baada ya maili. Sisi watu wa Handeni tunaujua ukame, nikaingiwa na huruma. Mkalimani wetu alikuwa mama mmoja wa huko aitwaye Hana, aliyejifunza Kiswahili vitabuni. Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko changu, ila kilitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Nikampa pole kwa ukame uliowapata.

Alinitazama kidogo, kisha akasema, "La hasha, bibi. Miti hii imelala tu."

Kila mmoja wetu alipangiwa nyumba ya kufikia. Mimi nilipelekwa kwa Mama Vera, ghorofa ya nne, mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, mwenye macho mekundu kama aliyetoka kupuliza moto wa kuni mbichi. Hana alinikabidhi kwake, akaahidi kurudi kesho, akaondoka na Elizabeti. Tukabaki wawili tusio na neno hata moja la pamoja.

Mama Vera alinionyesha kitanda, akanipa kandambili za sufu, kisha akafungua mlango wa bafu. Ndani mlikuwa na hodhi kubwa jeupe la kuogea, limejaa maji, na ndani ya maji akiogelea samaki. Alikuwa mnene, mweusi mgongoni, mrefu kama mkono wangu toka kiwikoni hadi vidoleni. Mama Vera akaanza kusema. Alisema sana, akimnyooshea samaki kidole, na kabla hajamaliza machozi yalikuwa yakimlengalenga. Kisha akanyamaza, akawa ananitazama, kama anayesubiri jibu.

Niliona natambulishwa. Sikutaka kuonekana sina adabu siku ya kwanza. Nikamwinamia yule samaki, nikasema, "Hujambo."

Mama Vera alinishangaa, kisha akanipigapiga begani, tukatoka, akafunga mlango taratibu.

Kwetu kuna visima ambavyo samaki wake hawaguswi, wazee wanasema wana wenyewe. Nikajua basi hata Ulaya wapo. Kwa hiyo sikuoga. Nilichukua udhu kwenye sinki la jikoni, nikajipangusa kwa kitambaa chumbani, na kila nilipopita mlango wa bafu nilipunguza mwendo. Mama Vera alikuwa akiingia humo mara kwa mara. Nilimsikia akizungumza na samaki kwa sauti ya chini, na safari moja nilimsikia akimlilia.

Alhamisi tulizungushwa mjini. Sitaki kuudharau mji ule, ni mzuri sana. Una ngome juu ya kilima, na daraja la mawe lililopangwa masanamu kushoto na kulia, yote yakiwa na theluji vichwani kama yamevaa kofia za kufuma. Lakini watu wengi walitazama kabuti langu kuliko masanamu. Ndani ya tramu, gari lao la reli la barabarani, mzee mmoja aliinuka, akanipigia saluti, akanipisha kiti. Nikaitikia saluti, ningefanyaje.

Saa sita kamili tulikuwa mbele ya saa yao ya kale, iliyo kwenye mnara wa uwanjani. Kwanza mifupa ya mtu ilivuta kamba na kugonga kengele, halafu madirisha mawili yakafunguka juu, wakapita mitume wa Yesu mmojammoja. Elizabeti alikuwa ameshaniahidi kuwataja wote. Akaanza kwa ile sauti yake, Petro, Yohana, Yakobo, lakini wao walipita haraka kuliko yeye, madirisha yakafungwa akiwa bado na watano mdomoni. Akatafakari, kisha akamuuliza Hana yule mwembamba wa chini, anayepiga kengele, ni mtume gani.

Hana akamwambia yule ni Mauti. Elizabeti hakunieleza tena habari za Krismasi mpaka jioni.

Ijumaa Mama Vera alinishika mkono asubuhi, akanipeleka mwenyewe madukani. Tulikuta foleni ndefu inayozunguka kona, tukajipanga. Nilisimama zaidi ya saa mbili sijui nasubiri nini. Watu walikuwa na furaha, wakichungulia mbele na kunong'onezana, nami nikaanza kufurahi pamoja nao. Kwa uzito wa foleni ile nilikisia nyama, au labda vitenge. Tulipofika mbele, muuzaji alimpa Mama Vera ndizi tatu, na mimi, kwa vile nilisimama kama mtu mzima, akanipa tatu zangu. Zilikuwa za kijani, ngumu, ndogo kuliko zile za mbuzi wa Segera.

Nyumbani aliimenya moja kwa kisu, akaikata vipande vyembamba, akavipanga kwenye sahani yenye maua, akanisogezea vyote. Yeye hakugusa. Nilikula polepole, kipande kimojakimoja, nikafumba macho kuonyesha utamu. Sijapata kula ndizi kwa heshima kiasi kile. Elizabeti naye alipewa yake huko alikofikia, na yeye akamwomba Hana amweleze mwenyeji wake kwamba kwao Bungu ndizi za namna hii huliwa na mbuzi. Hana alikataa kutafsiri.

Jioni hiyohiyo, saa kumi giza limeshaingia, tulitoka kununua mkate nikaona jambo la kunitisha. Kona ya mtaa palikuwa na mapipa makubwa ya maji, na ndani yake samaki wengi, wote wa ukoo mmoja na yule wa bafuni. Wanaume wenye aproni za mpira waliwachota kwa wavu, wakawagonga vichwani kwa rungu, wakawafunga kwenye magazeti. Nikahisi kama nimeshuhudia msiba wa jamaa zake Mama Vera. Yeye alitazama pembeni, akaongeza mwendo.

Jumamosi, siku ya kuondoka, Hana alikuja mapema kunisaidia mizigo. Sikuweza tena kuvumilia. Nikamwomba amuulize Mama Vera, kwa adabu zote, yule samaki ni nani wake.

Mama Vera alijibu kwa kirefu, ameshika kitasa cha mlango wa bafu. Hana akanieleza. Huko kwao samaki huyo ndiye chakula cha mkesha wa Krismasi, kama sisi na pilau ya Idi. Hununuliwa mzima, akakaa majini siku kadhaa ili atoe tope. Kwa muda wote wa ndoa yao mumewe ndiye aliyemuua, kila mwaka, naye mumewe alifariki mwezi wa tano. Alimnunua samaki kwa mazoea tu, miguu ilimpeleka yenyewe, na sasa hawezi kumuua. Kuwaomba majirani hataki, kwa sababu wataanza kumwonea huruma na yeye amechoka kuhurumiwa. Siku nilipofika alinieleza yote hayo, akaniuliza afanyeje.

"Anataka kujua," Hana akamalizia, "siku ile ulimjibu nini."

Nilitamani sakafu ipasuke. Nikasema ukweli. "Mwambie sikumjibu yeye. Nilimsalimia samaki."

Hana alipotafsiri, Mama Vera alitukodolea macho, kisha akacheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ukingo wa hodhi, akalia, akacheka tena, na mimi nikaketi pembeni yake nikifanya hivyohivyo. Maana nilimwelewa. Tangu nifiwe, nikitaka kuchinja kuku humkumbatia nikasimama njiani, nimngoje mwanamume apite aniokoe. Wengine humchinja bila neno. Wengine hunipa pole ndefu kuliko kuku mwenyewe.

"Mwambie," nilimwambia Hana, "kuku ningeshindwa. Lakini kwa dini yetu samaki hahitaji mchinjaji, wala hahitaji mwanamume. Anahitaji watu wawili na kitu kizito."

Mama Vera alileta nyundo ya mbao ya marehemu mumewe. Nikalivua kabuti, nikakunja mikono ya gauni. Samaki alikuwa na nguvu kama ndama. Alipotushinda mara ya kwanza alirukia sakafuni, na Hana akapanda juu ya kiti akasema neno moja la Kiswahili ambalo siamini alilisoma kitabuni. Alipotushinda mara ya pili nilimtupia kabuti la kaka yangu, nikamlalia. Mama Vera akamshika mkia kwa mikono miwili. Nikasema bismillahi, nikapiga mara moja, basi.

Tulikuwa tumelowa wote watatu. Mama Vera aliipangusa ile nyundo kwa aproni yake, akaitazama, akaitundika mahali pake.

Adhuhuri tulikula Krismasi yake siku nne kabla ya wakati. Nilimwomba Hana aseme kwamba chenye mafuta ya nguruwe sitaweza, Mama Vera akakaanga kwa siagi, pamoja na viazi. Alikuwa samaki mwenye miba mingi na utamu wa kiasi, lakini Mama Vera alikula kama mtu aliyetoka kufunga. Kisha alisugua hodhi, akalijaza maji ya moto, akanionyesha kwa mkono. Nikaoga, kwa mara ya kwanza tangu Dar es Salaam, nikakaa mle mpaka Hana akagonga mlango kwamba ndege haitaningoja.

Safari ya kurudi haina mengi. Ndani ya ndege joto lilipozidi, kabuti lilianza kutoa harufu, na jirani yangu akaomba kuhamishwa. Elizabeti hakuweza kuhama, akasali tena, safari hii sidhani ilikuwa kwa ajili ya ndege. Kaka Omari alilipokea kabuti lake Korogwe, akalinusa, akaniuliza kama mji niliokwenda upo pwani.

Nyumbani darasa langu liliniuliza habari za Ulaya. Wanawake wale walikubali theluji, wakakubali tramu, wakaikubali hata mifupa inayopiga kengele. Foleni ya ndizi waliikataa. Walisema safari imenifundisha uongo.

Mwaka uliofuata, Krismasi ikiwa imepita, nilipata barua ya Mama Vera, imetafsiriwa na Hana. Niliwasomea darasani. Aliandika kwamba mwaka huo ameua samaki watatu kwa mkono wake: wa kwake, wa mjane wa ghorofa ya pili, na wa bwana mmoja wa ghorofa ya kwanza ambaye mkewe, enzi za uhai wake, ndiye aliyekuwa akiifanya kazi hiyo. Chini kabisa Hana alikuwa ameongeza mstari mmoja wa kwake, kwamba bwana huyo sasa hupanda kunywa kahawa kila Jumapili.

Darasa zima lilitaka kujua bwana huyo ana watoto wangapi. Niliwaambia sijui, nikaugeukia ubao, nikawaandikia somo la siku hiyo: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilikuwa nimeufundisha msemo huo mara nyingi, na siku zote nilidhani unahusu kitoweo tu, kwamba mgeni akija na sisi wa nyumbani tunapata nyama. Sasa najua zaidi kidogo. Mbele ya majirani Mama Vera alijikaza tangu mwezi wa tano. Ilibidi atokee mtu asiyejua lolote, amsalimie samaki wake, ndipo akapata nafasi ya kulia mbele ya mtu.