Sheria Niliyoipitisha Sebuleni

Jamani, kosa ni langu, wala simsingizii shetani! Nimewadanganya watu wazima waliokuja kwetu kuposa, tena nikiwa nimejitanda vizuri na kahawa naimimina kwa adabu.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, nakaa mtaa wa Hail na wazazi wangu. Mwanamume mwenyewe nilimwona kwenye harusi ya binamu yangu. Alinichekesha mpaka sharubati ikanimwagikia, na tangu siku ile sina hamu na mwingine.

Mama yake akaja kutoka mtaa wa Khuwair kunitazama. Kahawa haijapoa, akaanza maswali. Akasema anasikia walimu kazi nyingi, mshahara kiduchu, na mwanawe anataka mke wa kusaidiana naye maisha.

Nikaona bwana ananiponyoka hivi hivi! Nikamwambia kwani hajasikia, sheria ya kutuongezea walimu mshahara imepita.

Sasa wewe nikwambie ukweli. Kilichopita ni rasimu, na imepita baraza la kwanza tu, kati ya mawili ya kutunga sheria. Baraza la pili bado, fedha za kulipia hazijatafutwa, saini ndiyo usiseme. Lakini imepita si imepita?

Bibi yule uso ukamkunjuka, akajiongezea halwa. Mama yangu, anayenisikia nikilalamika kila mwisho wa mwezi, alinikodolea macho tu.

Safari ya pili akaja na mwanawe. Akaitangaza nyongeza yangu mbele ya wajomba zangu wote, kama vile yeye ndiye aliyeipigania. Mwanawe akanitazama, akaniuliza taratibu:

"Imepita wapi, mwalimu?"

Nikasema barazani. Akauliza baraza lipi. Mjomba wangu mmoja akacheka, akanambia nisibishane na huyu, kwani ofisi yake ndiyo iliyopewa kazi ya kutafuta fedha za sheria hiyo hiyo!

Ya Rabbi, nilitamani sakafu inimeze. Muda wote ule sikuwahi kuuliza anafanya kazi gani.

Hakuniumbua. Alingoja mama yake atangulie garini, akaniambia huku anavaa viatu:

"Mama nlikuwa nshamlainisha. Angekukubali na mshahara wako huo huo. Sasa keshaitia nyongeza moyoni, na mie siwezi kumwambia kuwa mke nnayemtaka ni muongo. Basi tungoje. Sheria ikipita kweli, na mie n'tapita."

Akaondoka anatabasamu, mwanaharamu yule!

Tangu hapo nafuatilia kila kikao cha baraza la pili, mpaka mkuu wa skuli ananiona nina tamaa ya pesa. Mabinti, nawasihi, mama wa mtu mnayempenda akiwauliza mshahara, tajeni huo huo mdogo mnaopata!

Jana mjadala umeahirishwa tena. Nimelia kwenye choo cha walimu, na wenzangu wakanibembeleza, wakiniambia mshahara ni riziki tu, utakuja.