Vidonge Visivyosagwa

Mimi niliishia darasa la nne, lakini maneno ya muuguzi yule wa Dar es Salaam nayakumbuka kama sala. Alinipa kopo la vidonge vya saratani, uvimbe bado umekaa shingoni mwangu kama kiazi.

"Mama, hivi unameza vizima, asubuhi, na maji mengi. Huvunji, husagi. Mtu mwingine asivishike, na mjamzito ndiyo kabisa, vitamharibia mimba. Ukipata homa usingoje, kimbilia hospitali. Umesikia?"

Nikasema nimesikia. Na nilisikia kweli.

Nyumbani Njombe nilimkuta mdogo wangu amekuja kutoka Uwemba kuniuguza. Alikuwa na mimba ya miezi miwili, ya kwanza, baada ya miaka sita ya kusimangwa na wakwe zake. Aliniambia mimi peke yangu, kwa kunong'ona, huku anamenya viazi.

Kopo la kwanza nilimeza kama nilivyoagizwa. Nilitapika mpaka nyongo. Lilipoisha nikapanda basi kwenda Makambako, maana miaka ile ya ruksa, serikali ilipoachia biashara, kila mwenye kibanda alifungua duka la dawa. Jana anauza mitumba, leo kavaa koti jeupe. Katika wa kulaumiwa, wa kwanza ninayemtaja ni huyo, mwenye duka la karibu na stendi, aliyeniagizia vidonge kwa madereva wa malori. Alivimimina kwenye bahasha ya kaki, kopo lenye maelezo akabaki nalo.

"Vinanishinda kumeza," nilimwambia.

"Saga, tia kwenye uji. Dawa ni dawa, mama. Vikifika tumboni vitaulizana vimekujaje?"

Wateja wakacheka, nami nikacheka nao. Nilikuwa nimempata mtu wa kuniambia nilichotaka kusikia.

Wa pili ni mama mkwe wangu. Alinikuta nimeinama kwenye jiwe la kusagia ulezi.

"Toka hapo! Majirani waseme nini? Mgonjwa anajisagia dawa kama mtu aliyefiwa na ndugu wote?"

Kwetu ndivyo ilivyokuwa: dawa ya mgonjwa husagwa na mtu wa damu yake, ndipo inashika. Akamwita mdogo wangu.

Mdogo wangu akapiga magoti, akasaga. Kila asubuhi, wiki tatu. Alikuwa akikusanya unga kwa kiganja usipotee, akipuliza jiwe, vumbi linamrudia usoni, kisha analamba kidole.

"Dada, hii chungu kuliko mawifi zangu wote!"

Tunacheka, mimi nimejifunika blanketi pale motoni, na nje baridi ya Juni imeunguza majani ya viazi.

Mdomo nilikuwa nao. Neno lenyewe moja tu: acha. Lakini uji ulikuwa unapita, na mimi nilitaka kuishi. Nikajiambia muuguzi yule alikuwa anatutisha tu sisi watu wa shamba. Kwa hiyo wa tatu ninamjua vizuri, nalala naye kila siku ndani ya ngozi hii moja.

Damu ilimwanza akiwa anachota maji. Tulipomfikisha hospitali, mimba ilikuwa imeshatoka. Daktari aliuliza anatumia dawa gani, mdogo wangu akasema hatumii, ila humsagia dada yake. Daktari akaomba aione bahasha, akavitambua vidonge.

"Siwezi kuapa kwamba ni hivi," alisema. "Mimba nyingine hutoka zenyewe. Lakini hakupaswa hata kuvigusa. Hamkuambiwa?"

Mdogo wangu akageuza kichwa juu ya mto, akanitazama.

"Hatukuambiwa," nikasema. "Mwenye duka alisema tusage."

Vilivyobaki nilivimeza vizima, kwa mikono yangu, na maji mengi, na nilipotapika nilifuta mwenyewe. Nikapona. Mdogo wangu hakushika mimba nyingine. Mumewe akaoa mwingine, yeye akarudi kukaa na mimi, na ndiye anayenipikia mpaka leo.

Mama mkwe tulishamzika. Lile duka siku hizi linauza simu. Lakini tukishuka Makambako, mdogo wangu lazima apite pale mlangoni, ateme mate chini.

"Tema na wewe, dada," huniambia. "Alikudanganya ukiwa mgonjwa."

Nami hutema.