Asubuhi Niliyoisimamisha Dawa ya Houston

Siku yangu ya kwanza kazini, kwenye kiwanda cha dawa cha Carrollton, Texas, nilichekwa. Meneja wa uzalishaji, Mteksasi mrefu mwenye pupa, aliniambia, "Fungua vali ya pili." Nikajibu kwa sauti, "Nafungua vali ya pili!" Chumba kizima kikageuka. Nilikotoka, kwenye manowari ya kubeba ndege inayoendeshwa na kinu cha nyuklia, aliyepokea amri huirudia, aliyeitoa husikiliza, ndipo mkono uguse kitu. "Hapa si jeshini," meneja akasema. Nikasema sawa, na kesho yake nikarudia vilevile. Wacha wacheke.

Melini, afisa wetu wa zamu alizoea kutuambia, "Ukiwa na shaka, simamisha. Nitakutetea." Carrollton hakukuwa na wa kunitetea. Tulikuwa na saiklotroni, mashine inayorusha chembe kwa kasi mpaka maji maalumu yatoe isotopu, yaani kitu chenye mionzi. Tuliiunganisha na sukari, mgonjwa akadungwa, na kwa kuwa saratani ni mlafi wa sukari, ikaonekana kwenye picha. Lakini mionzi ile hupungua nusu kila baada ya saa mbili hivi. Haiwekwi ghalani. Ukichelewa, umetengeneza maji matupu.

Asubuhi moja dawa ilikuwa ya Houston, na kati ya wagonjwa waliokuwa wakiingoja vitandani hospitalini alikuwemo mama yangu mzazi. Alikuwa muuguzi mstaafu, ana uvimbe kwenye pafu, na hakuwa ametia kitu mdomoni tangu jioni. Daktari aliitaka picha ile aamue kama atampasua. Baba Furaha, Mkongomani wa mji jirani wa Haltom City aliyekuwa akipeleka dawa uwanja wa ndege, alikuwa tayari mlangoni.

Nikapima kichungi kilichoichuja dawa ile kuzuia vijidudu. Unasukuma hewa, kikiwa kizima huikataa, kikitoboka huipitisha. Kilipitisha. Nikapima tena. Yaleyale.

"Itoe tu," meneja akasema. "Wagonjwa wana njaa huko."

"Mmoja wao ni mama yangu."

"Basi itoe haraka!"

"Sitoi. Nasimamisha dawa hii. Rudia nikusikie."

Uso ukamwiva. "Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze. Lakini rudia kwanza."

Baba Furaha akakunja mikono, akamgeukia meneja. "Patron, mimi ile siwezi beba. Hapana."

Meneja alitutazama sote wawili, akavuta pumzi. "Dawa imesimamishwa," akasema, kisha akaubamiza mlango.

Nikampigia mama. "Ebo! Umeninyima chakula, sasa unaninyima na dawa?" Nikamweleza habari ya kichungi. "Ningejua umeniletea uchafu ule ningekuchapa, mwanajeshi au si mwanajeshi. Haya, rudi kazini."

Picha yake ilipigwa wiki iliyofuata. Uvimbe ulikuwa umeshaenea, hakupasuliwa, na mwaka ule tukamzika. Daktari aliniapia kwamba wiki moja haikubadilisha chochote. Kuna siku namwamini.

Sikufukuzwa. Baadaye nilipelekwa Houston kuwa msimamizi, na huko ndiko nilikostaafia. Vijana wa kanisani wanaoitaka kazi hii huniuliza kama najuta. Jamani, mama ni mama. Hata leo nikimtaja machozi hunitoka. Lakini nirudisheni asubuhi ile, na yeye akiwa kitandani vilevile ananingoja: sitoi.