Maonyo Yaliyomwendea Marehemu

Fundi cherehani mmoja aliolewa na mpiga picha za harusi ambaye watu walimwita Flashi. Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, akafariki kwa homa kabla hajamaliza shule ya msingi. Picha zote za mtoto huyo, pamoja na zile za harusi, zilikuwa chumba cha nyuma, ndani ya kisanduku cha diski mbili kilichounganishwa na kompyuta. Kila picha ilihifadhiwa mara mbili, diski moja ikifa ibaki nyingine.

Flashi aliwahi kupoteza kazi za msimu mzima, na aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akakiwekea kisanduku programu ya kumtumia barua pepe kila kitakapopata joto au hitilafu. Mkewe alipotaka kujua kama na yeye ajifunze, alimcheka akamwambia asijisumbue, kikiumwa kitasema chenyewe.

Flashi akafa ghafla, moyo. Mjane hakutaka mtu aguse chumba kile. Alifuta vumbi, akalipia umeme, akafunga mlango. Mambo ya mashine hakuyajua, ila aliamini mwanawe yumo mle, salama.

Karibu mwaka ukapita. Asubuhi moja alisikia kisanduku kikigonga, tik, tik, kama sindano iliyokosa kitambaa. Akampigia shemeji yake, mdogo wa marehemu, anayetengeneza kompyuta za ofisini.

Shemeji alikihangaikia hadi jasho likamtoka. Mwishowe akafungua barua pepe za kaka yake. Mjane akasogea kusoma. Onyo la kwanza lilikuja wiki ileile ya maziko: diski moja imekufa, ibadilishwe. Yakafuata mengine, juu ya mengine, yakiomba jambo lilelile, na sasa diski ya pili nayo ilikuwa ikifa.

"Kilikuwa kinamwita," shemeji alisema.

"Na mimi niko chumba cha pili. Mbona hakikuniita?"

"Hakikujui, shemeji. Kaka aliandika anwani yake peke yake."

Mjane akakaa kwenye kiti cha mumewe, kiti ambacho hakuwahi kukikalia. Hakulia. Alisema tu kwamba Flashi alikuwa mtu wa kubeba kila kitu mwenyewe, hata mifuko ya sokoni.

Diski zilipelekwa kwa mtaalamu. Maji yakimwagika hayazoleki: alichookoa ni harusi za watu, maharusi wakikata keki, wageni wasiojulikana wakicheka. Picha ya mtoto haikupatikana hata moja.

Shemeji, kwa huruma, alileta diski mpya, akazijaza harusi zile, safari hii akaandika anwani ya mjane. Akatuma ujumbe wa majaribio. Simu ikatetemeka juu ya meza ya cherehani: "Kila kitu kiko salama."

Mjane aliusoma, akaitia simu mkononi mwa shemeji.

"Hilo neno salama lifute," alisema. "Kiseme tu kwamba kinafanya kazi."

Akalifuta. Mjane akarudi kwenye sare za shule za watoto wa watu, zilizokuwa zikingoja vifungo.