Malaria ya Abeli

Kabla hajafanywa siri ya familia, Abeli alikuwa fundi wa kuchomelea mageti pale Zuzu, na kazi zilimfuata zenyewe. Watumishi waliohamia Dodoma walikuwa wanajenga, na kila aliyejenga alitaka geti. Baba yake, Mzee Ebenezer, hakupita penye nyumba hizo bila kusema, "Lile la mwanangu."

Mwezi Machi, watu wakivuna zabibu, Abeli akaanza kuweka nyundo chini katikati ya kazi ili asikilize. Alisema kuna wanaume wawili wanaotangaza kila anachofanya: sasa anashika waya, sasa anawasha, mjinga huyo. Hakuna mwingine aliyewasikia. Baadaye akaacha kuoga, akakataa kazi za mageti kabisa, kwa kuwa wenye nyumba waliyasikia mawazo yake kupitia vyuma. Mama yake, Lydia, alilia wampeleke hospitali. Mzee akasema wangoje.

Walingoja nini? Harusi. Dada yake, Restuta, alikuwa amechumbiwa na Fabian, karani wa wizara, na ng'ombe wa mahari walikuwa hawajafika. Huku kwetu, kabla ya ng'ombe, upande wa mume hutuma watu kuuliza habari za ukoo: kuna kifafa? Kuna kichaa? Jibu moja baya linatosha kumwozesha binti jiko la mama yake hadi azeeke. Basi wajumbe walipokuja, Abeli alifungiwa chumba cha nyuma, redio ikafunguliwa kwa sauti ya juu, na Mzee Ebenezer, mzee wa kanisa, akatamka kwamba ukoo wake ni safi. Namwita mzee wa kanisa kwa sababu hicho ndicho cheo chake.

Mvua zilipoanza, Abeli alivunja dirisha, akaenda kusimama uchi kwenye reli. Walimkamata kabla majirani hawajaamka. Hapo ndipo walipompeleka hospitali mjini, kwa Dakta Swaumu. Akapimwa malaria, hana.

"Ugonjwa wa akili hauonekani kwenye damu, mzee," daktari alisema. "Kuna unaokuja ghafla ukaisha baada ya wiki chache. Na kuna skizofrenia. Huo hukaa, na dawa zake hazikatizwi ovyo. Nayatofautisha kwa maelezo yenu. Alianza lini?"

"Wiki mbili tu, daktari. Nadhani ni malaria ilimpanda kichwani."

"Tangu Machi," Abeli akasema taratibu. "Wananifungia ndani."

Mzee Ebenezer akatikisa kichwa kwa huzuni. "Si unamsikia mwenyewe? Ndivyo anavyoongea siku hizi."

Daktari akamtazama Lydia. Lydia akatazama vidole vyake. Nje foleni ilikuwa ndefu. Abeli akapewa dawa, akaambiwa arudi baada ya mwezi.

Hakurudi. Dawa zilimtuliza, nyumbani wakasema amepona, wakaziacha. Ng'ombe walikuja, Restuta akaolewa, watu wakala pilau na kucheza. Kinachoniudhi hadi leo ni kwamba harusi ilipendeza.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema inakuwaje maradhi ya mwana yakifichwa na baba. Aliyeficha alikula nyama ya harusi akashiba, na aliyeumbuka ni mwingine.

Msimu uliofuata wa mvua walimrudisha Abeli hospitali, amekonda, haongei, anakaa pale anapokalishwa. Binti sasa alikuwa kwa mumewe, na ukweli ukamtoka mzee bila taabu yoyote.

"Alianza Machi ya mwaka jana, daktari. Wakati ule tulikuwa na shughuli."

Dakta Swaumu akavuta kiti, akakaa mbele ya Abeli.

"Kaka, wewe uliniambia, mimi sikukusikiliza. Nisamehe. Hebu niambie tena, ilianza lini?"

Abeli alimtazama baba yake kwanza.

"Wiki mbili tu, daktari," akasema. "Ni malaria."