Mwizi wa Betri Hakuwa Wifi

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilipomwita mtu mwizi hata umande haujakauka.

Nilikuwa mke kijana, na mwanamke wa kwanza pale kwetu mlimani Meru kushika usukani. Shule niliishia la nne, lakini pikapu niliijua. Kila siku nilikusanya maziwa ya akina mama nikayateremsha sokoni Sakina. Nilijiona! Nikataka na gari liimbe. Nikafungiwa redio mpya, spika kubwa, na amplifaya, kile kisanduku cha kuzipa spika nguvu, ili kwaya isikike mpaka bondeni.

Kijana aliyefunga aliniambia, "Dada, niachie gari mpaka kesho, waya huu niupitishe kwenye swichi ya ufunguo."

"Unganisha popote panaposhika," nikamjibu. "Mimi kesho nina kanisa."

Tangu hapo kila kukicha gari kimya. Wifi yangu Elinipa, mdogo wa mume wangu, ndiye aliyelisukuma, matope mpaka magotini. Nikanunua betri mpya, nayo ikafa. Maziwa yakaganda kwenye madumu, akina mama wakanuna. Ulimi hauna mfupa. Nikamgeukia wifi mbele ya watu: "Ni wewe! Tukilala unajifungia garini kusikiliza redio."

Elinipa alifunga nguo zake kwenye kitenge, akashika njia ya Makumira kwa shangazi yake. Mama mkwe akaniuliza moja tu: "Mume wako akirudi safarini, utamwambia dada yake yuko wapi?"

Majirani wakanisukumia gari, nikaenda kwa fundi mmoja mzee pale Sakina, nikamweleza yote. Akazima kila kitu, akafungua waya mmoja wa betri, akaweka katikati kitaa kidogo. Kikawaka!

"Gari limezimwa, na kuna anayekula umeme," akasema.

Akachomoa fyuzi moja moja. Kitaa kinawaka tu. Akachomoa waya wa amplifaya. Kikazima.

"Mwizi wako huyu. Umemuunga moja kwa moja na betri, ufunguo haumhusu. Anakula usiku kucha." Akafuta mikono. "Na gari alikuwa anakusukumia nani?"

"Wifi."

"Huyo huyo?"

Mwanangu, natamani angenizaba kibao. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikivaa mwenyewe kwa haraka zangu.

Niliteremka Makumira na jani la isale mkononi. Sisi huku, mtu akikuletea isale amekuja kuomba radhi, na kulikataa ni vigumu. Nikamwambia Elinipa mbele ya shangazi yake, "Kosa ni langu, lote."

Akalishika jani, akalitazama weee. "Wifi," akasema, "ningekuwa nasikiliza hiyo redio yako, ningeshakwambia ubadilishe kanda." Tukacheka tukilia. Akapanda gari, tukarudi.

Mpaka leo namshukuru Mungu kwa mzee yule na kwa moyo wa wifi yangu. Angelikataa lile jani, ningezeeka na aibu.

Basi sikia. Kitu kikiharibika nyumbani, anza na ulichokigusa wewe mara ya mwisho. Chomoa kimoja kimoja, upime, ndipo useme. Fundi akiomba siku moja, mpe. Na ukikosea, usitume salamu: nenda kwa miguu yako, waliokusikia ukitukana wakusikie ukitubu.

Mungu akupe watu wa kukusukumia gari, mwanangu, na macho ya kuwaona wangali wako mlangoni pako.